Pengo la Bima na Wanetu Walioko Marekani



Ni chache siku hizi parokia zetu ambazo hazina kijana aliyevuka bahari kwenda Marekani, awe mwanafunzi, mfanyakazi, au mtu aliyemfuata mwenzake wa ndoa. Tumezoea kuwahesabu hao kuwa nguzo za familia: ndio wanaolipa karo za wadogo zao, wanaoezeka nyumba ya wazazi, wanaotuma fedha za dawa. Kwa hiyo jumuiya hupigwa na butwaa mambo yanapogeuka, mzazi anaposimama baada ya sala na kuomba mchango kwa ajili ya deni la hospitali la mtoto aliyeko huko. Watu hutazamana. Wengine hunong'ona kwamba kijana ametapanya mali. Wengine husema haiwezekani nchi tajiri namna ile imwache mtu augue na kudaiwa.

Tunaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, kwa maana manung'uniko yasiyo na ujuzi humwongezea mgonjwa jeraha la pili. Tena iko haki ndani yake ambayo hatuna budi kuipima, na yako matendo ambayo familia ikiyajua mapema huweza kuokoa shamba lake.

TUONE

Marekani haina mfuko mmoja wa bima ya afya unaomkinga kila mkazi. Sehemu kubwa ya watu wenye umri wa kufanya kazi hupata bima kupitia kwa mwajiri. Desturi hiyo ilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 serikali ilidhibiti mishahara, na waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakawavuta kwa mafao mengine, bima ya matibabu ikiwa mojawapo. Mwaka 1965 serikali iliwawekea wazee mpango wa Medicare, na watu wenye kipato kidogo mpango wa Medicaid. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyowawezesha wengine kununua bima katika soko linalosimamiwa na serikali. Tangu mwaka 2014 makampuni yanayouza humo hayaruhusiwi kumkataa mtu, wala kumtoza zaidi, kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao tangu awali.

Pamoja na hayo yote, fungamano la kazi na bima limebaki. Anayefukuzwa kazi leo hupoteza mshahara na kadi ya matibabu kwa pamoja, pengine siku ile ile, pengine mwisho wa mwezi. Mwanafunzi anayehitimu hutoka katika bima ya chuo. Kijana anayetimiza miaka 26 huondolewa katika bima ya wazazi wake. Mwanamke aliyekuwa chini ya bima ya mumewe, wakitengana kisheria au mume akifariki, hujikuta hana kinga. Hata aliyepata kazi mpya huweza kungojeshwa hadi siku 90 kabla bima ya mwajiri haijaanza. Kipindi hicho ndicho tunachokiita pengo la bima.

Katika pengo hilo ndimo inamouzwa bima ya muda mfupi. Ada yake ya mwezi aghalabu ni ndogo kuliko ile ya bima kamili, nayo huweza kuanza kufanya kazi siku chache tu baada ya kujiandikisha. Lakini urahisi huo una sababu. Bima hii haifungwi na masharti ya sheria ya mwaka 2010. Kampuni huweza kuuliza historia ya afya ya mwombaji na kumkataa. Huweza kukataa kulipia ugonjwa wowote uliokuwapo kabla ya hati kutiwa saini. Nyingi hazilipii uzazi, na zipo zisizolipia dawa za kuandikiwa na daktari wala matibabu ya akili. Tena huweka ukomo wa fedha, na bili ikivuka ukomo huo, kilichobaki ni cha mgonjwa.

Serikali za Marekani zimevutana juu ya urefu wa bima hii. Mwaka 2016 ilitolewa kanuni ya kuifanya iwe chini ya miezi 3. Mwaka 2018 serikali iliyofuata iliiruhusu ifike karibu mwaka mzima, na kwa kuongezewa muda ifikie miezi 36. Mwaka 2024 kanuni ilirudi nyuma: hati zilizouzwa kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka huo ziwe za miezi 3, na pamoja na nyongeza zisivuke miezi 4. Kisha Agosti 2025 idara zinazohusika zilitangaza kwamba kuisimamia kanuni hiyo si kipaumbele chao, na kwamba zinakusudia kuibadili. Majimbo nayo yana sheria zao. California iliipiga marufuku bima hii kuanzia mwaka 2019, na Illinois kuanzia mwaka 2025. Kwa hiyo kijana aliyeko jimbo moja asichukue ushauri wa mwenzake aliyeko jimbo jingine pasipo kuuliza.

TUAMUE

Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alitaja haki ya mtu kutunzwa anapougua pamoja na haki ya kutunzwa anapokosa kazi pasipo hiari yake. Tukiitazama pasipo upendeleo desturi ya kufunga matibabu katika ajira, tunaona kasoro yake iko hapo. Saa ile mtu anapohitaji kushikwa mkono, kwa kuwa amekosa kazi, ndipo mkono wa pili nao unapoondolewa. Tena huenda kazi yenyewe imekwisha kwa sababu ya ugonjwa. Mtu akiugua akashindwa kufanya kazi, akishindwa kufanya kazi akakosa bima, atajitibu kwa nini?

Je, tuilaani bima ya muda mfupi? La hasha. Ni bidhaa halali mahali inaporuhusiwa, na iko siku inafaa. Kijana mwenye afya njema, ambaye bima ya mwajiri mpya itaanza baada ya majuma manane, na ambaye nafasi nyingine zimempita, afadhali awe na kinga dhidi ya ajali kuliko kukaa mtupu. Mwavuli mdogo ni bora kuliko kulowa, maadamu mwenye mwavuli anajua kwamba ni mdogo.

Dhuluma huingia pale mwavuli mdogo unapouzwa kwa jina la nyumba. Wakala anayelipwa kwa kila hati aliyouza hana haraka ya kusoma kurasa za mwisho, ambamo yameandikwa yale yasiyolipiwa. Mgeni wa nchi, ambaye Kiingereza cha sheria kinamshinda hata kama cha kazini anakimudu, huona neno bima na bei ndogo, akatia saini. Maskini huvutwa na bei kwa sababu ya umaskini wake, na mgonjwa huvutwa kwa sababu kila siku isiyo na dawa inamtisha. Hao wawili ndio ambao bima hii haiwafai kabisa.

Iko hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwa kawaida mtu aliyepoteza bima ya kazini hupewa siku 60 za kuingia katika soko la serikali bila kungoja msimu. Akizipitisha kwa kutegemea bima ya muda mfupi, mlango hufungwa, kwa maana kumalizika kwa bima ya muda mfupi hakumpi siku nyingine 60. Tuchukue mfano. Mtu anapoteza kazi na bima mwisho wa Februari. Ananunua bima ya miezi 3, Machi hadi Mei. Mwisho wa Aprili siku zake 60 zimekwisha pasipo yeye kujua. Tarehe 1 Juni hana bima. Msimu wa kujiandikisha hufunguliwa Novemba, na bima ya msimu huo huanza Januari. Isipokuwa amepata ajira mpya, ameoa, au amezaliwa mtoto, au kipato chake kinamruhusu kuingia Medicaid, atakaa miezi 7 bila kinga. Alitafuta daraja la kuvuka mto, nalo likaishia katikati ya maji.

Waswahili wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika bima hii neno hilo lina maana ya kisheria. Anayeficha katika fomu kwamba ana kisukari au shinikizo la damu, akidhani anaijanja kampuni, hujichimbia shimo. Akilazwa, kampuni hufungua majalada ya hospitali za nyuma, na ikikuta jambo lililofichwa huweza kukataa dai au kuifuta hati nzima. Ada alizolipa hazitamwokoa.

Neno moja pia kuhusu vyama vya Kikristo vya kuchangiana gharama za matibabu, ambavyo navyo hujitangaza kwa watu walio katika pengo. Wengi wa wanachama wake ni waamini wema, na wako waliosaidiwa kweli. Lakini chama cha kuchangiana si bima. Hakina ahadi ya kisheria kwamba bili italipwa, na huweza kukataa ugonjwa wa zamani. Jina la Kristo juu ya karatasi lisimfanye mtu asiisome karatasi.

TUTENDE

Tunaomba kila familia yenye mtoto Marekani imfikishie mambo haya, kabla ya ugonjwa.

Kwanza, siku kazi inapokwisha, ahesabu siku 60. Azitumie kuangalia soko la bima la serikali, ambamo mwenye kipato kidogo huweza kupunguziwa ada. Tena akijua mapema tarehe ya kupoteza bima, ajiandikishe kabla ya siku hiyo, na bima mpya huweza kuanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kwa njia hiyo pengo huweza kuzibwa kabla halijafunguka.

Pili, aulize juu ya sheria ya mwaka 1985 iitwayo COBRA. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi aliyetoka katika kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi huweza kuendelea na bima ile ile, kwa kawaida hadi miezi 18, ila alipe gharama yote pamoja na nyongeza ya asilimia 2. Kama kwa mfano yeye alikuwa akikatwa dola 150 kwa mwezi na mwajiri akiongeza dola 550, sasa atalipa dola 714. Ni mzigo mzito kwa asiye na kazi. Lakini sheria hiyo ina faida isiyojulikana sana. Mtu anazo siku zisizopungua 60 za kuamua, na akiamua, kinga hurudi nyuma hadi siku aliyopoteza bima, mradi alipe ada za miezi yote iliyopita. Aliye na pengo la majuma sita tu huweza kungoja akitunza fedha zake. Akiugua ndani ya siku hizo, achague COBRA na alipe. Asipougua, avuke salama. Mtu wa namna hiyo pengine hahitaji bima ya muda mfupi hata kidogo.

Tatu, mwenye kipato kidogo aulize juu ya Medicaid, ambayo haina msimu wa kujiandikisha. Majimbo 40 pamoja na mji mkuu wa Washington yameupanua mpango huo kwa watu wazima wenye kipato cha chini. Wahamiaji wana masharti ya ziada, na wengi wenye kibali cha ukaaji wa kudumu hutakiwa kungoja miaka 5. Kwa kuwa kanuni za wahamiaji na za misaada ya ada zimebadilishwa mwaka 2025, na nyingine zilipangiwa kuanza baadaye, aulize ofisi ya jimbo lake na asitegemee habari za mwaka juzi.

Nne, kama baada ya hayo yote ameamua kununua bima ya muda mfupi, asitie saini kabla ya kupata kwa maandishi majibu ya maswali haya: Inaanza lini na inakoma tarehe gani? Nitalipa kiasi gani mfukoni kabla kampuni haijaanza kulipa? Ukomo wa malipo yote ni dola ngapi? Ugonjwa gani haulipiwi, na kwa historia ya miaka mingapi nyuma? Hospitali iliyo karibu nami inaipokea? Wakala asiyetaka kuyajibu kwa maandishi amekwisha kujibu.

Tano, kuhusu wazazi wanaokwenda kuwatembelea wajukuu. Mgeni wa matembezi hana Medicare, hata kama ana umri wa miaka 80. Bima ya safari ndiyo inayomfaa, nayo ni bima ya muda mfupi yenye masharti yale yale juu ya magonjwa ya zamani. Mama mwenye shinikizo la damu apimwe kabla ya kuondoka, abebe dawa za kutosha siku zote za safari pamoja na cheti cha daktari, na mtoto asome kwa makini kama hati inalipia ugonjwa wa zamani unapozidi ghafla. Hilo lifanyike kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Sita, na hili ndilo tunalotaka viongozi wa jumuiya walishike: deni likishatokea, shamba lisiuzwe upesi. Kwa sheria ya mwaka 1986, hospitali zenye idara ya dharura zilizo katika mpango wa Medicare, ambazo ndizo karibu zote, hutakiwa kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana fedha. Sheria hiyo haifuti bili. Lakini hospitali zisizo za faida, na humo zimo nyingi za Kanisa, zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasio na uwezo. Mgonjwa aombe bili yenye mchanganuo wa kila kipengele, aombe fomu ya msaada, apeleke uthibitisho wa kipato chake, na aombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wengine hupunguziwa, wengine husamehewa. Asiyeomba hapati hata jibu. Kwa magonjwa ya kawaida, viko vituo vya afya vya jamii vinavyomtoza mtu kwa kadiri ya kipato chake. Kamati ya mchango iulize kwanza: fomu ya msaada imejazwa?

NASI NYUMBANI

Ndugu, tusimalize kwa kuwanyooshea wengine kidole. Pengo la bima liko pia uani kwetu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001, na ulijengwa juu ya mtumishi wa serikali mwenye mshahara, anayekatwa asilimia 3 na mwajiri kuongeza asilimia 3. Kwa mkulima ulikuwapo Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango ukawa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Lakini mkulima ana fedha baada ya mavuno, ilhali malaria huja na mvua. Kadi ikiisha mwezi wa njaa, kaya hukaa katika pengo kama yule aliyeko ng'ambo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo ni jambo jema, na kazi yetu kama raia ni kuisoma, kujiandikisha, na kudai kwamba asiye na uwezo asiachwe nje.

Hatuna budi pia kutazama ndani ya uzio wetu. Parokia ni mwajiri. Katekista, mpishi, mlinzi, mwalimu wa chekechea na dereva hutegemea uamuzi wa kamati ya fedha. Je, wanayo bima? Mkataba wao ukiisha Desemba na mpya ukatiwa saini Februari, Januari wanatibiwa na nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mwezi mmoja unatosha kumfilisi mtu wa mshahara mdogo. Tunapendekeza kila parokia iandike katika mikataba yake kwamba kinga ya matibabu itaendelea walau hadi mkataba mpya utakapotiwa saini au mtumishi atakapopewa taarifa ya kutosha kujitafutia nyingine. Gharama yake ni ndogo kuliko mchango wa msiba.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni nani katika jumuiya yetu aliye na mtoto Marekani ambaye amepoteza au anakaribia kupoteza kazi, na nani atamfikishia habari ya siku 60 juma hili?

2. Kadi za bima za kaya zetu zinaisha mwezi gani? Je, tunaweza kuweka akiba ya pamoja wakati wa mavuno, ili zisiishe wakati wa mvua?

3. Watumishi wa parokia yetu wana kinga gani ya matibabu, nayo inakoma lini? Halmashauri ya walei ilete jibu la maandishi katika kikao kijacho.